Pima Maji Kwanza

Jumatatu, 2 Septemba

Kambi ya kidato cha nne imefunguliwa leo. Magodoro yamekuja kwa bodaboda, kwa mikokoteni ya punda, na moja limekuja kichwani mwa bibi mmoja aliyekataa katakata kusaidiwa. Wasichana wamepewa darasa la karibu na ofisi, wavulana la mwisho kabisa, na kuanzia leo mpaka mtihani wa taifa mwezi Novemba hakuna kwenda nyumbani. Kila mzazi ameleta alichojaliwa: mahindi, maharage, mlenda mkavu, mchele wa hapa hapa Bahi. Mpishi wetu, Mama Batuli, amevipokea vyote kwa uso wa mtu anayejua kwamba havitatosha.

Nimepewa kazi mbili. Ya kwanza ni kufundisha baiolojia, ambayo ni yangu, na kemia, ambayo nimeirithi tangu mwenye nayo ahamishwe. Ya pili ni kuwashauri watoto kuhusu tahasusi, yale masomo matatu ambayo kila mmoja ataomba kuyasoma kidato cha tano. Mkuu wa shule ameniambia niwaelekeze kwenye masomo watakayofaulu. Nimemjibu kwamba hilo halina shida, matokeo yao ya mtihani wa utamilifu ninayo na nimeshawapanga wote kichwani.

Kambi yenyewe inasimamiwa na mwalimu wa taaluma, Hasani. Kijana wa Kondoa, anafundisha historia, ana filimbi shingoni. Leo ameipuliza kuliko refa wa fainali. Tusipochokana kabla ya Novemba nitamshukuru Mungu.

Jumatano, 4 Septemba

Upepo mchana kutwa. Nimekunywa chai yenye vumbi, nikaongeza sukari ili nisilisikie.

Ijumaa, 6 Septemba

Hasani ana sheria zake. Kila mwanafunzi amekabidhiwa mada, na jina lake limeandikwa ukutani kwa chaki kama mwenye mada. Asiyeelewa haji kwa mwalimu, anaanza kwa mwenye mada. Mwenye mada akishindwa kuieleza, mada haihami. Inabaki kwake mpaka aiweze. Na hakuna anayeruhusiwa kulikimbia somo kabla hajawafundisha wenzake mada mojawapo ya somo hilo.

Nilimwuliza sheria hiyo ya mwisho kaitoa chuo gani. Akacheka, akasema kaitoa kwa babu yake huko milimani, ambaye hakumruhusu mwana yeyote auze shamba kabla ya kulilima msimu mmoja mbele ya ndugu, ijulikane kama ubaya ni wa ardhi au ni wa jembe. Nikamwambia historia na kemia si mashamba. Akasema, "Sawa, Madam," kwa adabu kubwa, na hakufuta hata jina moja ukutani.

Jumanne, 10 Septemba

Leo nimeanza ushauri wa tahasusi. Nimewaita mmoja mmoja chini ya veranda ya maabara.

Ebenezer alimaliza haraka. Huyu ndiye kichwa cha darasa: ukimgusa anamwaga. Anataka fizikia, kemia na hesabu, na sina la kumwongezea. Wengine walikuja na majina ya tahasusi waliyoyasikia kwa kaka zao, nikawarudisha duniani taratibu.

Kisha akaja Joha Khalidi. Binti mpole, mwandiko mzuri, mama yake analima mpunga kule bondeni. Kiswahili A, historia B, jiografia B, baiolojia C, kemia D. Hata kipofu angeona njia: historia, jiografia na Kiswahili. Nikamwambia hivyo, na nikaanza kuandika kwa penseli kwenye fomu yake ya uchaguzi. Akaniomba samahani, akasema yeye anataka kemia, baiolojia na jiografia.

Nikamweleza kwamba bila C tatu hakuna kidato cha tano, na kwamba D yake ya kemia itamfungia mlango ambao historia ingemfungulia wazi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Ndipo akaniambia habari ya jaruba lao la mpunga. Zamani lilikuwa linatoa gunia kwa gunia. Miaka ya karibuni, maji yakishakauka ardhi inabaki nyeupe, na mpunga unaota njano. Watu wote wanasema ni magadi. Mama yake anasema ni magadi. Joha anasema wanasema tu, hakuna aliyepima.

"Historia ya jaruba letu ninaijua, Mwalimu," akasema. "Nisichokijua ni kemia yake."

Jibu zuri, lakini jibu zuri halifaulishi. Nimeacha maneno yangu ya penseli palepale. Ataona mwenyewe.

Alhamisi, 12 Septemba

Hasani amempa Joha mada ya kuchambua chumvi. Ndiyo mada inayowatoa jasho hata wakali, maana ndiyo ya mtihani wa vitendo: unapewa unga usioujua, unauyeyusha, unaudondoshea dawa hii na ile, mpaka unautaja kwa jina lake. Nimemwuliza Hasani kama anataka kumwua mtoto wa watu. Kasema Joha ndiye aliyeiomba.

Jumatano, 18 Septemba

Praktiko. Nimewapa wote chumvi ya bluu kutoka chupa moja. Ebenezer kaandika salfeti ya shaba kabla hata hajakaa vizuri. Wengine nao, salfeti ya shaba, salfeti ya shaba, nikatia vema mpaka mkono ukauma. Joha ameandika kwamba kuna shaba, kuna salfeti, na kuna kloridi.

Nikamwambia mbele ya wenzake kwamba chumvi moja haiwezi kuwa na baba wawili. Darasa likacheka. Joha hakucheka wala hakulia. Akasema alipodondosha nitrati ya fedha ilitoka nyeupe, na nyeupe hiyo ndiyo dalili ya kloridi. Nikamwambia hajasafisha vyombo. Nikampa sufuri kwenye kipengele hicho.

Ijumaa, 20 Septemba

Praktiko tena, chumvi ya kijani. Joha: chuma, salfeti, kloridi. Sasa ananichosha. Kichwa ngumu ni kipaji pia, lakini si cha kemia.

Jumapili, 22 Septemba

Siku ya wazazi kutembelea kambi. Mama yake Joha amekuja na ndoo ya mchele, kanga yake imefungwa imara kama ya mtu aliyeacha kazi nusu. Nikaona nafasi. Nikamweleza kwa upole kwamba binti ana kipaji cha masomo ya jamii, amsaidie kuamua. Mzazi akisema, mtoto husikia.

Mama akafikiri. Kisha akaniambia, "Mwalimu, mimi hiyo kemia siijui, na wewe ndiye mwenye shule. Ila mtoto huyu tangu mdogo hasemi kitu asichokiona. Ukimtuma kuangalia kama mvua inakuja, anatoka nje."

Nikamshukuru kwa mchele. Nimebaki na maneno yake jioni hii bila kujua niyaweke wapi.

Alhamisi, 26 Septemba

Joto. Fomu za uchaguzi zinafungwa Jumatatu. Joha anafundisha mada yake Jumamosi. Nimekubali kusubiri, kwa ajili ya Hasani na babu yake.

Jumamosi, 28 Septemba

Leo nitaandika mpaka kidole kipate sugu.

Joha alisimama mbele ya wenzake maabara, na mimi nilikaa nyuma na kalamu nyekundu kama hakimu. Hakuanza na kitabu. Alisema hivi: kila chumvi aliyopewa tangu mwezi uanze ilikuwa na kloridi. Ya bluu ilikuwa nayo, ya kijani ilikuwa nayo, hata ile nyeupe ambayo chupa yake imeandikwa nitrati ilikuwa nayo. Mgeni akionekana kwenye kila nyumba, akasema, usiulize nyumba zina nini, uliza nani anamtembeza.

Akaanza kumtafuta. Kwanza akasema labda ni vyombo, kama Mwalimu alivyosema, na hapo nikakohoa. Akachukua neli mpya za kioo ambazo hazijatumika, akayeyusha chumvi, akapima. Nyeupe. Akasema basi labda ni asidi. Akaidondoshea nitrati ya fedha asidi peke yake. Haikugeuka. Akaipima hivyo hivyo kila dawa iliyohusika na kipimo kile, moja moja, na kila mara aliwaita wenzake wawili waje waseme wanaona nini, yeye mwenyewe akanyamaza. Mimi nilikuwa nimeshasahau kalamu yangu.

Mwisho mezani kulibaki ndoo tu. Akachota maji matupu, maji ya kisima chetu, yale tunayokunywa, tunayopikia, tunayoyalalamikia kila siku kwamba yana chumvi mpaka chai haikolei. Akatia asidi kidogo. Akadondosha nitrati ya fedha. Maji yakawa meupe kama tui.

Nje punda wa mtu alikuwa akilia. Ebenezer alisimama, akaenda mezani, akarudia jaribio lile kwa mkono wake mwenyewe, akaliinua juu kwenye mwanga. Akageuka, akasema kwamba yeye aliiona ile nyeupe tangu siku ya kwanza. Aliiona, ila hakuiandika, kwa sababu alijua chumvi ya bluu huwa ni salfeti ya shaba. Wengine nao wakaanza kusema: hata mimi niliiona.

Basi wote waliiona, na wote waliandika walichokariri. Na mimi niliwapa vema. Mmoja aliandika alichokiona, nikampa sufuri na kumdhihaki kwa habari ya baba wawili. Shule niliyotoka mjini ilikuwa na mtaalamu wa maabara aliyetuandalia maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha maji tena, nasi walimu tuliyatumia kama vile yanachipuka bombani. Hapa yalipokwisha mwezi wa saba niliwaambia wachote kisimani. Nimekunywa maji haya tangu Januari huku nikiyasema vibaya, na haikunijia hata siku moja kwamba chumvi iliyomo ndani ya chai yangu imo pia ndani ya praktiko yangu.

Nilitembea mpaka mbele. Nikamwambia Joha, darasa zima likisikia, kwamba leo amenifundisha kemia. Kisha nikakaa kwenye benchi la wanafunzi na kumwambia aendelee, maana mada yake haikuwa imekwisha. Akaendelea.

Hasani alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Hakusema neno juu ya babu yake, na kwa hilo nitamheshimu daima.

Jumatatu, 30 Septemba

Nimefuta penseli yangu kwenye fomu ya Joha kwa kifutio kipya. Ameandika mwenyewe kwa wino: kemia, baiolojia, jiografia. Mkuu wa shule ameniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia sina, ila yeye Joha anao. Sasa imebaki C moja, na mimi ndiye niliyepoteza mwezi mzima wa praktiko yake.

Jumamosi, 5 Oktoba

Nimekwenda nyumbani mjini, Area D, kubadilisha nguo na kumwona mume wangu, Baba Brightness. Nikamtuma Kizota kwenye magereji anunue maji ya betri, yale ambayo mafundi wanaongezea kwenye betri za magari, maana yamekenekwa na hayana chumvi. Amerudi na dumu kubwa, akaniuliza kama nimefungua gereji Bahi. Nimeyapima kabla ya kumpa chai. Yalibaki maangavu.

Jumatano, 9 Oktoba

Praktiko kwa maji ya Kizota. Salfeti ni salfeti, nitrati ni nitrati. Watoto wanacheka wenyewe. Lakini Joha amewawekea desturi: kabla ya kugusa chumvi, pima maji kwanza. Wanafanya wote, hata Ebenezer ambaye zamani alikuwa na haraka kuliko treni.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu, lakini kambi haina sikukuu. Maharage.

Alhamisi, 17 Oktoba

Maharage. Kisima kimeanza kutoa maji kwa kusuasua. Mama Batuli amewapanga watoto kwa zamu, na kila chombo kitupu kinachoonekana kambini kinajazwa papo hapo, hata kikombe cha mtu aliyekwenda kunawa.

Jumatano, 23 Oktoba

Nimekuwa nikimwangalia Hasani. Nilidhani anapenda filimbi. Kumbe ile ya alfajiri huipuliza akiwa ameshazunguka mabweni, ameshajua nani ana homa na nani kalia. Leo nimemkuta anajifunza kuchambua chumvi kutoka kwa Joha. Mwalimu wa historia, amekaa na daftari, anauliza maswali. Nilipomwuliza kwa nini, akasema mwenye mada akikosa wa kumfundisha mada hulala. Akili ni nywele kweli, na za huyu ziliota mapema.

Joha amefanya jaribio langu la nadharia. D, lakini D inayoning'inia mlangoni kwa C. Anakosea hesabu za moli kwa sababu anataka kujua kila namba imetoka wapi, na muda unamwishia. Nimeanza kumfundisha kukimbia bila kuacha kuangalia. Ni kazi ngumu kwa mwalimu kuliko kwa mwanafunzi.

Jumamosi, 2 Novemba

Mawingu jioni, yakaenda zao Manyoni. Joha: alama moja juu ya mstari wa C. Nimeiandika alama hiyo, kisha nimeihesabu tena kwa hofu.

Jumatatu, 11 Novemba

Mtihani wa taifa umeanza. Wameingia kwa mstari, mashati yamepigwa pasi ya mkaa. Mama Batuli amelia, kisha akakana kwamba amelia.

Jumanne, 19 Novemba

Kesho asubuhi ni mtihani wa vitendo wa kemia. Leo saa nane nimefungua stoo ya chakula kuchukua dumu la maji ya Kizota. Nililiweka humo kwa sababu ndiyo yenye kufuli imara. Lilikuwa limebaki nusu, na nusu ilitosha.

Nilikuta dumu limejaa mpaka shingoni.

Nilisimama pale nikiliangalia. Nikamimina kidogo, nikaenda maabara, nikafanya kama watoto wanavyofanya. Meupe kama tui.

Mama Batuli alikuwa kwenye jiko la maharage, sufuria imemfunika uso kwa mvuke. Nikamwuliza. Akanijibu kwa moyo mweupe kabisa, "Nililikuta nusu, Mwalimu, na kisima kinakauka. Nikalijaza nisije nikakuaibisha." Nilikuwa nimefungua mdomo kumfokea. Nikaufunga. Ubavuni mwa dumu nilikuwa nimeandika KEMIA kwa herufi kubwa. Sikuandika lisijazwe, na hapa Bahi mwezi Novemba nani aliwahi kuona dumu nusu akaliacha hivyo? Angeliacha, ningemwita mvivu. Nilipomweleza yaliyotokea alikaa chini kwenye gogo la kuni, akashika kichwa. Maji yakimwagika hayazoleki, nikamwambia, na haya hata hayakumwagika.

Hasani alikuwa ameshawasha pikipiki kwenda Kizota. Nikamwambia akifika atakuta magereji yamefungwa, na akirudi gizani barabara kuu ile, kesho tutakuwa na mtihani na msiba. Nilimfikiria Joha. C yake ilikuwa imekaa juu ya mtihani huu, kwa sababu nadharia peke yake haimfikishi. Na angeandika alichokiona. Kwenye maji yale angeona kloridi, naye angeiandika, hata kama dunia nzima ingekuwa inaandika salfeti.

Hapo ndipo nikamkumbuka bibi yangu mzaa mama. Baba yangu ni mzee wa kanisa, kwa hiyo jambo hili nyumbani halisemwi, lakini bibi alikuwa akikeneka gongo, na lilikuwa gongo safi. Nikamwambia Mama Batuli ainjike sufuria zote kubwa. Maji ya kisima chini. Jiwe katikati, bakuli juu ya jiwe. Mfuniko juu chini, kishikio kiangalie bakuli, na maji ya baridi juu ya mfuniko. Mvuke ukigonga baridi unageuka maji, unateremka mpaka kwenye kishikio, unadondoka bakulini. Chumvi haijui kuruka, inabaki sufuriani. Mama Batuli akasema hataki kujua nimejifunzia wapi.

Mfuniko ukishapata moto haudondoshi kitu, lazima ubadilishiwe maji. Tulikuwa watatu, na maji ya baridi yalikuwa mbali. Hasani akapuliza filimbi. Kidato cha nne wakatoka darasani na vitabu mkononi. Akawaambia anataka maji ya baridi jikoni mpaka atakaposema basi, na hataki maswali.

Hawakuuliza. Wakajipanga kutoka kisimani hadi jikoni, ndoo zikaanza kupita mkono kwa mkono, na kati ya ndoo na ndoo wanasoma. Joha alikuwa wa mwisho kwenye mstari, karibu na moto. Aliziangalia sufuria, akaangalia mifuniko iliyogeuzwa, akaliangalia dumu lililojaa pale mlangoni mwa stoo. Nikaona ameelewa yote. Hakusema kitu kwa wenzake, maana hofu inaambukiza kuliko homa. Akashika kata na kuanza kubadilisha maji ya mifuniko, kila mara kabla mimi sijasema.

Bakuli la kwanza nililipima. Lilikuwa na ukungu mwembamba. Nikakumbuka bakuli tulilisuuza kwa maji ya kisima. Nikalimwaga lote, Mama Batuli akashika mdomo kuona maji yanamwagwa Novemba, tukasuuza mabakuli kwa maji ya mvuke yenyewe, tukaanza upya.

Bakuli la pili, nikamimina kidogo kwenye neli. Asidi kidogo. Nitrati ya fedha. Nikaishika juu kwenye jua la jioni. Niliona jikoni yote ng'ambo ya pili ya neli: Hasani, Mama Batuli, yule binti na kata yake. Hapakuwa na ukungu hata kidogo.

Kabla ya adhana ya magharibi tulikuwa na maji ya kutosha. Nimeyafungia maabara, ufunguo uko shingoni mwangu. Mikono inanuka moshi. Sijawahi kuwapenda watu wa kambi hii kama leo, na nimeamua kuliandika wazi kwa sababu kesho nitaona haya.

Jumatano, 20 Novemba

Niliandaa meza asubuhi, nikamkabidhi msimamizi aliyetoka shule nyingine, nikatoka. Kanuni hairuhusu niwe karibu. Nilikaa jikoni nikichambua maharage ambayo Mama Batuli alikuwa ameshayachambua.

Walipotoka, Ebenezer alikuja moja kwa moja kunipa mkono. Joha alikuja nyuma. Sikumwuliza amepata nini.

"Niliyapima maji kwanza," akaniambia. "Kisha nikaandika nilichokiona."

Ijumaa, 29 Novemba

Mtihani wa mwisho. Magodoro yameondoka kama yalivyokuja. Hasani amenipa filimbi niishike wakati anafunga mabweni, nikaipuliza mara moja kujaribu. Watoto wote wakageuka. Nimemwambia mwakani nataka kuwa naye kambini, na kwamba yale majina ukutani asiyafute mpaka kidato cha tatu wayaone. Akasema, "Sawa, Madam." Safari hii alikuwa anacheka.

Jumapili, 8 Desemba

Mvua. Nilikuwa Area D, nikatoka nje na sufuria bila kufikiri, jirani akaniuliza kama bomba limekatika.

Alhamisi, 23 Januari

Matokeo yametoka. Mtandao ulikuwa mzito, nilikaa na simu mpaka chai ikapoa. Ebenezer A ya kemia, kama tulivyojua. Nikashuka na kidole.

Joha Khalidi. Jiografia A. Baiolojia B. Kemia C.

Nimeiangalia C hiyo muda mrefu. Wengine wangeiita C tu. Nikampigia Hasani huko Kondoa. Nikasikia mvua kwenye bati la kwao, kisha akasema kwamba ardhi haikuwa mbaya. Jembe pia halikuwa baya, nikamwambia. Tulichelewa kulima tu, na aliyechelewa ni mimi.

Jumamosi, 25 Januari

Joha amekuja shuleni leo. Bonde lote limejaa maji, ametembea juu ya matuta ya majaruba, miguu ina tope mpaka magotini, viatu ameshika mkononi. Shikamoo Mwalimu, marahaba. Nikampongeza, akainamisha kichwa, kisha akatoa vitu viwili kwenye mfuko. Cha kwanza kilikuwa dumu la lita tano, maji ya mvua aliyoyakinga uwanjani mbali na bati, kwa ajili ya praktiko za kidato cha nne wa mwaka huu. Lilikuwa limejaa kidogo zaidi ya nusu, na ubavuni ameandika kwa wino mnene: LISIJAZWE. Alikuwa ameshapita jikoni kulionyesha kwa Mama Batuli.

Cha pili kilikuwa kifurushi cha gazeti. Ndani yake udongo mkavu, mweupe juu kama uliomwagiwa unga. Mama yake aliuchota jarubani Septemba, akamletea siku ya wazazi, naye akautunza chini ya godoro kambi nzima bila kumwambia mtu. Hakutaka kuupima kabla ya mtihani, kasema, asije akawaza jaruba katikati ya hesabu za moli.

Tukafungua maabara. Nikapanga neli na dawa mezani, kisha nikajiondoa, nikakaa kwenye lile benchi nililokaa Septemba. Akauyeyusha udongo kwa maji ya dumu lake, akauchuja kwa karatasi, akaweka kando. Akachukua neli nyingine tupu. Mimi nilikuwa na hamu kuliko yeye. Miaka yote hii bonde zima linasema magadi, na jibu lilikuwa pale mbele yetu kwenye kibomba cha kioo.

"Haya, tuambie," nikamwambia. "Ni magadi au siyo?"

"Subiri kidogo, Mwalimu," akasema Joha, akafungua tena dumu lake. "Bado sijapima maji."

Nikasubiri.